Tufungulieni darasa moja Jumamosi, watoto wanaumia kwenye simenti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, na wiki iliyopita nilivyosoma barua ya msomaji mmoja aliyesema hawa watoto wa uswahilini wanaocheza singeli barabarani wakamatwe wachapwe warudishwe madarasani, usingizi ulikata kabisa. Niliisoma ile barua mara mbili. Najua huyo ndugu yetu ana nia nzuri, anaogopa watoto wasipotee, hata mimi naogopa, ila anachokiona yeye pale barabarani sicho ninachokiona mimi, na nadhani nina haki ya kusema kwasababu nimecheza kwa kulipwa miaka tisa na sasa hivi kila Jumamosi nipo na watoto 34 huku Charambe, Mbagala, nawafundisha bure.

Nianze na mimi mwenyewe ili nieleweke. Nilianza kunengua kwenye bendi mwaka 2001 nikiwa na miaka 18. Bendi siitaji, waliokuwepo wanajua. Enzi zile bendi za dansi zilikua zimepamba moto Dar hii, kila wikiendi kumbi zinafurika na sisi wanenguaji ndo tulikua tunatazamwa kuliko hata waimbaji, ila hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufundishwa kucheza. Yani unakuja mazoezini unasimama nyuma ya dada aliyekutangulia, unamwangalia kiuno na miguu, unafuatisha, ukishashika stepu sita usiku huohuo unapandishwa jukwaani. Hakuna kupasha misuli, hakuna kunyoosha viungo, unavaa buti la kisigino unaruka juu unatua kwenye simenti ya baa mpaka saa tisa usiku, nyumbani unafika magoti yamevimba unayakanda na maji ya moto ya chumvi, kesho jioni tena upo kazini. Goti langu la kushoto lilianza kulia nikiwa na miaka 24. Nilivyofika 27 nikawa nashuka ngazi kinyumenyume nimeshikilia ukuta, na daktari aliponionyesha picha akaniambia gegedu limelika, goti lako ni la bibi wa miaka 60, alafu akaniuliza, "Dada, nani alikufundisha kutua?" Sikuwa na jibu. Nilikua sijui hata kama kutua kunafundishwa.

Kumbe kunafundishwa. Ukiruka unatua na ncha ya mguu kwanza, alafu unyayo, kisigino kinafika mwisho kabisa tena taratibu, na goti linakunjwa kuelekea vidole vilipo, lisiingie ndani. Ni maelezo ya dakika kumi, na baada ya hapo ni miezi ya kurudia mpaka mwili uzoee wenyewe bila kuukumbusha. Hayo nilikuja kuyajua nimeshaacha bendi, kwa kijana mmoja aliyesoma chuo cha sanaa Bagamoyo ambaye tulikua tumepanga nyumba moja, alikua anafanya mazoezi uani asubuhi nami nimekaa na beseni la nguo namwangalia, siku moja nikamuuliza mbona ukiruka husikiki. Ndo akanieleza. Nililia pale uani na sabuni mkononi, kwasababu kitu kilichokula goti langu miaka yote ile kilikua kinaelezeka kwa dakika kumi na hakuna mtu aliyenieleza.

Sasa turudi kwa hao watoto wa barabarani. Jioni wamewasha spika mbele ya genge, singeli inapigwa, ile kasi ya mapigo 200 na zaidi kwa dakika moja, wewe msomaji jaribu tu kupiga makofi kwa kasi hiyo uone kama utamaliza dakika mbili hujachoka, alafu kuna mtoto wa miaka 11 hapo miguu yote inafuata, mabega yanafuata, na usoni anacheka. Huyo mtoto ana kipaji na ana nidhamu ya kurudia stepu moja mara mia mpaka ikae, hiyo nidhamu hakupewa na mtu amejipa mwenyewe. Alichokosa ni mwalimu na sehemu ya kuchezea. Ukimchapa atahama, ataenda kucheza mtaa wa pili kwenye kigodoro usiku ambako wewe humwoni.

Nina kijana mmoja wa kidato cha pili alikuja kwangu na mkono umefungwa hogo, lile plasta gumu la hospitali. Alikua anajifunza kubinuka kinyumenyume kwa kuangalia video za TikTok, akaenda kujaribu kwenye simenti ya uwanja wa nyuma ya msikiti, akaangukia kiganja, mfupa ukavunjika. Mama yake anauza mihogo, ile hela ya hospitali ilikua ni mtaji wake wote. Na kijana alivyotoka hospitali alitaka kurudi kujaribu tena, yani hogo bado bichi anataka kubinuka! Mama akamleta kwangu kwa hasira, akaniambia mwalimu, huyu mi simuwezi, chukua wewe. Wiki sita za kwanza sikumruhusu kuruka hata mara moja. Tulianza na kuanguka. Kuanguka kwa bega, kujiviringisha, kushika kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini, juu ya magunia tuliyojaza nyasi. Alichukia sana, akasema mwalimu mbona mimi nataka kuruka wewe unanifundisha kudondoka. Sasa hivi anabinuka na anatua hasikiki, na wadogo wakija wapya yeye ndo anawafundisha kudondoka.

Kuna watu wanasema singeli haina asili, ni kelele za watoto wa Manzese na Tandale. Mi naomba hao wasikilize mchiriku wa miaka ya 90, ile ya vinanda vidogo na ngoma za Kizaramo, alafu wasikilize singeli, wataona damu ni moja. Hata mguu ni uleule. Ndo maana mi darasani kwangu nafundisha mdundiko, ngoma ya Wazaramo, kwanza, singeli baadae. Mtoto akishajua mdundiko unatembeaje, akija kwenye singeli anajua anachokiharakisha ni nini.

Na hili la kufundisha vijana ngoma sio jambo geni nchi hii, wala sio mambo ya wazungu kama wengine wanavyodhani. Mwalimu Nyerere mwaka 1962, hotuba yake Bungeni alipokua Rais, aliuliza ni wangapi kati yetu tunajua kucheza gombe sugu au mangala au lelemama, wakati rumba na chachacha na twist tunazijua, na akatangaza wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Angalia hapo, utamaduni na vijana chumba kimoja. Kukawa na kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Pale wanafundisha ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, uchoraji, kila mwaka wanatoka vijana wenye vyeti vyao. Nauliza kwa moyo mweupe kabisa, hawa vijana wakitoka Bagamoyo wanaenda wapi? Ninaowajua mimi mmoja yuko hotelini Zanzibar anachezea watalii, wawili wanaendesha bodaboda, na yule jirani yangu wa uani aliyenifundisha kutua sasa hivi anauza vifuniko vya simu Kariakoo. Mtu aliyesoma miaka miwili na nusu namna mwili wa binadamu unavyojongea, anauza vifuniko vya simu, na shule iliyo mita mia tano kutoka kwake haina mtu wa kufundisha watoto ngoma.

Maana somo lipo! Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeweka Sanaa na Michezo shule ya msingi, lipo kwenye ratiba, limeandikwa. Ila ukienda shuleni unakuta amepewa mwalimu wa hisabati mwenye vipindi vingi na darasa la watoto zaidi ya mia, huku Mbagala kuna shule watoto wanaingia kwa zamu, wa asubuhi wanatoka wa mchana wanaingia, huyo mwalimu naye ni binadamu, atafanyaje? Anawatoa nje anawapa mpira. Simlaumu hata kidogo. Ningekua mimi ningefanya hivyohivyo.

Alafu kuna hili la mgeni rasmi. Wote mnalijua. Shule inasikia kiongozi anakuja kuzindua madarasa au choo, basi wiki mbili kabla ndo watoto wanatafutwa wa kucheza ngoma, mi mwenyewe nimeshapigiwa simu mara tatu, mwalimu njoo utuandalie watoto, naenda, wiki mbili watoto wanatoka darasani wanafanya mazoezi juani, vibwebwe vinaazimwa, siku inafika wanacheza dakika nne mgeni anatabasamu anapiga makofi, na kesho yake imekwisha. Vibwebwe vinarudishwa. Mara ya tatu kuna binti mdogo wa darasa la tano aliniuliza "Mwalimu, mgeni mwingine anakuja lini?" Alikua anataka tu kucheza tena, na yeye alivyoelewa ni kwamba ngoma inachezwa mgeni akija. Ndo siku hiyo niliyoamua kuanza Jumamosi zangu.

Tulianza 2022, watoto saba, chini ya mwarobaini pembeni ya ukuta wa shule moja. Sasa hivi ni 34, wasichana 21 na wavulana 13, mdogo ana miaka tisa na mkubwa 19. Ngoma yetu ya kwanza ilikua dumu la lita 20 na mpaka leo lipo, tumeongeza ngoma mbili za kweli na spika ya kuchaji ya fundi simu mmoja anayetuazima, Mungu ambariki.

Wazazi mwanzoni walikua wagumu na nawaelewa, neno mnenguaji hapa mjini limebeba mengi. Mama mmoja alikuja Jumamosi moja amefunga kanga kiunoni vile mtu anavyofunga akienda kugombana, akasimama mbali mikono kifuani. Alikua ameambiwa binti yake anafundishwa kukata viuno. Nikampelekea stuli ya plastiki, nikamwamkia, akaitikia kwa shingo upande, akakaa. Siku hiyo tulikua kwenye mdundiko. Akaangalia kama robo saa hivi hasemi kitu, alafu ghafla akanyanyuka akamwendea kijana aliyekua anapiga dumu akamwambia, "Mwanangu hapo unakimbia. Mdundiko unatembea, haukimbii, lete nikuonyeshe." Akachukua vijiti. Yule mama ni Mzaramo, kakulia Kisarawe, mama yake alikua anachezesha wali, yani mabinti wanaowekwa unyago. Watoto wakamzunguka, na binti yake akawa anamwangalia mama yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Aliwaonyesha namna mguu unavyoburuzwa kabla ya kukanyaga, kitu ambacho hata mimi nilikua nakikosea, na nilikua nawafundisha makosa yangu mwaka mzima!

Sio kwamba toka siku hiyo amekua mwenzetu moja kwa moja. Haji kila wiki, na mpaka leo hataki binti yake acheze singeli, anaruhusu ngoma za asili tu, singeli ikiwashwa binti anakaa pembeni anahesabu mapigo. Nimekubali. Ni mtoto wake.

Na hapa niseme kitu ambacho wengi hawapendi kukisema. Wasichana wanaojua kucheza mjini hapa wanawindwa. Kuna watu wanakuja na maneno ya video, njoo tukupe shoo, njoo uwe dansa wa msanii fulani, binti wa miaka 15 anaambiwa aje studio saa nne usiku, analipwa elfu ishirini na nauli, au halipwi kabisa, na mengine yanayotokea huko siwezi kuyaandika gazetini. Nimeyaona nikiwa jukwaani na baadhi yalinikuta. Sasa ukimfukuza binti wa namna hiyo na fimbo, ukamwambia kucheza ni uhuni, unamuacha peke yake na hao watu, maana hao ndo wanabaki kuwa watu pekee wanaomwambia ana kipaji. Kwetu sisi mtoto hapokei mwito wa video wala shoo bila mzazi kujua na mtu mzima kwenda naye, simu zinawekwa kwenye ndoo mazoezi yakianza, na mtoto harekodiwi akarushwa mtandaoni mzazi hajakubali. Tunacheza sehemu ya wazi na yeyote anayepita anaona. Hii ya uwazi naipenda sana na ndo kinga yetu kubwa.

Nimesoma habari za Mmarekani mweusi mmoja aliyekua mcheza baleti mkubwa kule New York, Arthur Mitchell. Martin Luther King alivyouawa 1968, huyu bwana akarudi Harlem alikozaliwa akaanza kufundisha watoto wa mtaani kwenye gereji, watoto 30, milango akaiacha wazi ili wapita njia waone, na wavulana walivyoona aibu kuvaa zile nguo za kubana za baleti akawaacha wacheze na jinzi zilizokatwa. Ndani ya miezi wakafika mamia. Kutoka pale, 1969 ikazaliwa Dance Theatre of Harlem, kundi la baleti ambalo mpaka leo lipo. Mi jambo la milango ndo lilinigusa, na jinzi. Hakuwaambia watoto badilikeni kwanza ndo muingie.

Na tusiende mbali huko, jirani zetu hapa. Nairobi, pale Kibera, watoto wamefundishwa baleti kwenye darasa la kawaida la shule, madawati yanatolewa nje, sakafu inafagiliwa, wanaanza. Mwalimu wao mmoja, Mike Wamaya, mwaka 2017 aliingia kumi bora wa ile tuzo ya mwalimu bora wa dunia, mwalimu wa kucheza, yupo na walimu wa sayansi na lugha kutoka nchi kubwakubwa! Na kijana aliyekulia mtaa wa Kuwinda, Joel Kioko, alifika mpaka London kusoma English National Ballet School. Kampala nako mnawajua Ghetto Kids, watoto waliotoka kwenye mazingira magumu kabisa, wakakusanywa na Dauda Kavuma wakapewa nyumba na shule na mazoezi, na 2023 walicheza fainali ya Britain's Got Talent, lile shindano la vipaji la runinga kule Uingereza. Siwataji ili tuseme na sisi tutafute wa kwenda London, hapana jamani, kati ya watoto wangu 34 huenda asitoke hata mmoja atakayelipwa kwa kucheza. Nawataja kwa ajili ya yale madawati. Kibera madawati yalitolewa nje. Mtu mwenye ufunguo alikubali.

Kwetu ufunguo ulikubaliwa na ukakataliwa. Mwaka juzi mwalimu mkuu wa shule moja, siitaji shule, alitupa darasa moja Jumamosi mchana, tukacheza pale miezi miwili kwa raha kabisa, alafu siku moja akaniita ofisini ameinamisha uso akaniambia mwalimu kuna malalamiko, eti darasa limegeuzwa disko, naomba ufunguo. Nikampa. Hakukua na dawati lililovunjika wala kioo, tulikua tunafagia kabla na baada. Toka hapo tumerudi kwenye mwarobaini, na chini ya mwarobaini pana kipande cha simenti kilichobaki cha banda lililobomolewa, ndo steji yetu, nje ya hapo ni mchanga na mizizi. Kuna siku naona watoto wanashika ugoko wanaukanda, najifanya sioni kwasababu najua ni nini na sina cha kuwapa. Simenti hairudishi kitu. Ukiikanyaga inakurudishia uzito wako wote kwenye mfupa. Mbao yenye nafasi chini yake inapokea sehemu ya uzito huo, na kwa mtoto anayekua hiyo sehemu ndo goti lake la baadae.

Fundi seremala wetu ametupigia hesabu. Paleti za mizigo zinapatikana, juu yake plaiwudi shiti nane, zinatosha nusu ya darasa, zinapangwa chini Jumamosi mchana na jioni zinasimamishwa ukutani, Jumatatu wanafunzi wanakuta madawati yao kama walivyoyaacha. Laki sita na elfu themanini, na hapo fundi hajachukua hela yake ya ufundi. Tumeshachanga laki tatu na arobaini, wazazi wanatoa mia tano mia tano, na yule mama wa mihogo alitoa elfu kumi nikaikataa akaniwekea kwenye mkoba bila mimi kujua.

Tulishajaribu njia nyingine pia. Kuna ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 ikarudi 2024. Wanafunzi wangu wakubwa wanane wenye miaka 18 na 19 wakaunda kikundi, wakaandika mradi, kucheza kwenye harusi na sherehe kwa malipo, wakaenda ofisi moja. Wakaambiwa hiyo sio shughuli, leteni mradi wa kuku au bodaboda. Wale vijana walinirudia na makaratasi yao kwenye bahasha ya kaki, walikua wameyachapisha kwa mia mbili mia mbili kila ukurasa. Sasa nauliza, Dar ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, kila Jumamosi kuna harusi kila kona na kila harusi ina MC, ina mpiga picha, ina wacheza shoo, hao wote wanalipwa na hao wote ni kazi. Kwanini kuku ni kazi na ngoma sio kazi?

Na sitaki kudanganya mtu ili nikubaliwe. Wengine wakiomba msaada wa mambo haya wanasema ngoma itawafaulisha watoto hesabu, ngoma itaondoa bangi mtaani. Mi siwezi kuahidi. Nina mtoto anacheza vizuri kuliko wote na hesabu zimemshinda vilevile. Ninachojua ni kwamba kucheza ni elimu yenyewe kama elimu nyingine, ina mwanzo na ina ngazi zake, ina ya sahihi na ya makosa, na mtoto wa Masaki au Mbezi Beach mzazi wake anamlipia darasa la kucheza kwenye ukumbi wenye vioo na sakafu ya mbao na hakuna anayesema huyo mtoto ni mhuni. Wa Mbagala akicheza stepu ileile achapwe?

Ombi langu ni dogo sana na nalielekeza kwa walimu wakuu, kamati za shule na madiwani wa Temeke, na kata nyingine zenye hali kama yetu. Darasa moja, Jumamosi saa nane mchana mpaka saa kumi na moja jioni. Tutaandikishana, wazazi sita watasaini kwamba kitu kikivunjika tunalipa, mlinzi tutamchangia chai yake, na mtu wa kamati akae mlangoni kila wiki aone kinachofundishwa. Na nyie wa elimu mnaopanga walimu, waiteni hao vijana wa Bagamoyo hata kwa posho, mara mbili kwa wiki, waingie kwenye kipindi cha Sanaa na Michezo ambacho tayari kipo. Yule jirani yangu nilimuuliza juzi kama angekuja, akafunga kibanda chake saa hiyohiyo akaniambia dada mi hata kesho.

Na yule msomaji wa wiki iliyopita nakukaribisha, wallahi sina kinyongo. Ukishuka Mbagala Rangi Tatu uliza watoto wa mwarobaini, utaonyeshwa. Tunaanza saa tisa alasiri jua likipungua. Ila uje kabla ya masika, mvua zikishaanza pale pote panajaa maji na tunasimama mpaka Juni.

Mwalimu wa ngoma,
Charambe, Mbagala,
Dar es Salaam.